Nilikonda Watu Wakinisifu

Ugonjwa wangu ulianza na sifa. Wanawake wa soko la Marani wanaoniletea sare za watoto nizishone walikuwa wakisimama mlangoni mwa kibanda changu, wakanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama Moraa, siku hizi umerudi usichana," walisema. "Hebu tuambie unakula nini." Nami nilicheka, nikawaambia sili chochote cha ajabu, ni kukimbia tu. Magauni niliyojishonea mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nimeyapunguza kiuno, kisha nikayapunguza tena. Nilijiona nimefika. Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, au umekaa nyumbani ukingoja majibu, nataka ujue hilo kwanza: mwili wangu ulikuwa unaliwa, nami nilikuwa naupigia makofi.

Kukimbia nilifundishwa na Akinyi. Yeye ni mtu wa upande wa ziwani, anauza vifaa vya ujenzi katika duka moja mjini Kisii, lakini amepanga nyumba hapa Marani kwa sababu anasema baridi yetu inamlaza vizuri. Ekegusii hajui zaidi ya salamu, nami Dholuo sijui hata hizo salamu, kwa hiyo Kiswahili cha shuleni ndicho kilichotuunganisha. Alikuja kushonesha sketi akanikuta nimeinamia cherehani, mgongo unaniuma. "Dawa ya huo mgongo ni barabara," akaniambia. Kesho yake alfajiri tukatoka pamoja, mimi na raba za binti yangu, tukakimbia hadi kwenye kisima cha kwanza nikaketi chini. Mwaka mmoja baadaye sikuwa nikiketi tena. Tulikuwa tunazungumza habari za marathoni kamili, kilomita arobaini na mbili, iliyokuwa ikija mwisho wa mwaka huko kwao ziwani.

"Lakini kwanza tukimbie nusu," Akinyi alisema. "Kuna ile ya Manga mwezi wa nane. Ukimaliza nusu na bado unaweza kuongea, nzima utaiweza."

Dalili zilikuwepo, ila kila moja niliitafutia jina lingine. Miguu iliniwasha hadi nikaikwaruza ikatoka damu, na ngozi haikuwa na kipele hata kimoja. Nikasema ni nyasi za kando ya barabara. Niliamka asubuhi shuka zimelowa kana kwamba zimetolewa kwenye beseni. Nikasema ni blanketi nzito. Nikipanda mlima nilikohoa kikohozi kikavu, nikasema ni vumbi. Mvua zikaja, vumbi likaisha, kikohozi kikabaki.

Mume wangu, Mwalimu Nyambane, anafundisha shule ya msingi na si mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja alishika shuka upande wangu, akazikamua kidogo kwa vidole, akatazama mkono wake. "Mama Moraa," alisema, "hili si jasho la mtu mwenye afya." Nilimwambia ni mazoezi. Aliinuka akaenda shuleni, lakini niliona ameiacha chai yake mezani bila kuigusa.

Aliyezipinga wazi zile mbio ni mama mkwe wangu. Anaitwa Bosibori, anaishi katika boma letu, nyumba yake na yangu zinatazamana na katikati kuna migomba. Moraa, binti yangu aliyekuwa darasa la nane, humwita Magokoro, kama tunavyowaita nyanya zetu huku. Mama ni Msabato wa kuzaliwa. Waandaaji wa zile mbio walikuwa wametoka mbali, nao wakaziweka Jumamosi, siku ya Sabato.

Alinikuta nikianika nguo Ijumaa mchana, akasimama upande wa pili wa kamba. "Siku sita hazikukutosha?" aliniuliza, bila kupaza sauti.

"Mama, ni mara moja tu."

"Mara moja inatosha," akasema, akarudi kwake.

Jumamosi hiyo ukungu ulikuwa umelala bondeni chini ya Manga, na sisi tulikuwa juu yake, kwenye uwanja wa shule, mamia ya watu tukirukaruka kupata joto. Akinyi alikuwa akinifunga namba kifuani kwa pini. Mikono yake ilikuwa baridi. Pini ilipofika karibu na bega, kidole chake kikagusa juu ya mfupa wa shingo, upande wa kushoto, kikasimama hapo.

"Kwamboka, hii ni nini?"

Nikapapasa. Kilikuwa kitu kigumu, kisichouma, chenye ukubwa wa jicho la mbuzi, kikiteleza chini ya kidole. Sijui kilikuwa hapo tangu lini. "Ni tezi tu," nikasema. "Si nina mafua."

"Huna mafua."

"Nitakuwa nayo. Funga pini."

Alifunga. Lakini tulipopanga mstari alisimama karibu nami sana, bega kwa bega, kama mtu anayemlinda mtoto barabarani.

Nusu ya kwanza ni mteremko, na mteremko hudanganya. Nilishuka kama maji. Wanawake waliokuwa wakienda kanisani walisimama na Biblia zao wakatutazama tukipita, wala hawakushangilia, nami sikuinua macho. Tulipogeuka kwenye soko lililo bondeni na kuanza kupanda, nilijua kabla ya kufika kona ya kwanza. Hewa iliingia hadi kooni ikaishia hapo. Niliivuta kwa nguvu, ikakataa. Uso ukaanza kujaa, macho yakawa mazito, nikahisi mishipa ya shingo imesimama kama kamba za kufungia ng'ombe. Nilidhani nimechoka tu. Nimewahi kuchoka kwa kuzaa, kwa kulima, kwa kushona hadi vidole vikafa ganzi, kuchoka nakujua. Huko hakukuwa kuchoka. Ni kama mtu alikuwa amekaa kifuani mwangu kimya, hana haraka.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akitufuata polepole sisi wa mwisho. "Mathe, panda nikufikishe," aliniambia. "Hakuna mtu ataona." Nilitikisa kichwa kwa sababu sauti haikutoka. Aliniangalia usoni vizuri, kicheko kikamkauka, akazima injini, akaanza kuisukuma pikipiki yake kwa mguu nyuma yangu. Hakuniacha hadi juu. Jina lake sikuuliza.

Akinyi alikuwa ameshatangulia, lakini kwenye ule mlima wa mwisho nilimwona anarudi, anashuka kinyume cha wenzake.

"Nenda," nikamwambia kwa mkono.

"Siendi," alisema. Akanishika kiwiko, tukatembea hadi mwisho, watu wakitupita, hata mzee mmoja wa mvi aliyekuwa akikimbia kwa viatu vya ngozi. Tulivishwa nishani. Nikajilaza kwenye nyasi kama wengine, chali, nitazame mbingu. Hapo ndipo hofu iliponiingia mara ya kwanza. Nilipolala chali hewa ilikatika kabisa, kama bomba lililokanyagwa. Niliinuka nimekodoa macho. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Sikumwambia Akinyi. Tangu siku hiyo hadi mwaka uliofuata nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni.

Nilitibiwa kwanza taifodi. Halafu malaria. Mahindi yalivunwa, yakaanikwa, yakapukuchuliwa, nami bado nilikuwa nikimeza vidonge vya kila rangi. Nilipopimwa kifua kikuu kwa makohozi, majibu yalisema sina, na mwanamke wa maabara akanipongeza. Nilirudi nyumbani na pongezi hizo nikiwa siwezi kupanda ngazi tatu za mlango wangu bila kushika ukuta. Mwalimu ndiye aliyesema tusingojee tena. Alichukua ruhusa shuleni, tukaenda hospitali kubwa mjini, nikapigwa eksirei ya kifua.

Wanaopiga picha hizo huwa hawakutazami. "Vuta pumzi, zuia, toa, vaa nguo," basi. Yule aliyenipiga alikwenda nyuma ya kioo, akakaa muda, kisha akatoka hadi pale nilipokuwa nikifunga vifungo, akanitazama usoni kwa upole mwingi.

"Mama," aliuliza, "umekuja na nani?"

Kama wewe umewahi kuulizwa swali hilo hospitalini, huna haja ya mimi kukueleza lilivyo.

Walinikata ile tezi ya shingoni nikiwa macho, upande mmoja wa shingo umetiwa ganzi, nikisikia mkasi lakini sisikii maumivu. Kipande kilipelekwa kupimwa mbali. Tuliambiwa wiki mbili, zikawa nne. Mvua za vuli zikanyesha, nyingine zikaja na mawe yaliyochana migomba yetu ikawa kama vitambaa vya kufungia vidonda. Nilikuwa nikiketi kwenye cherehani bila kushona. Simu ikilia, Moraa aliacha alichokuwa akifanya jikoni, sufuria ikanyamaza, nyumba nzima ikasikiliza nikisema "Haloo." Ilikuwa ni mtu anaulizia sketi yake.

Daktari aliyetuita alikuwa msichana tu, pengine mdogo kuliko Akinyi. Alisogeza kiti chake kikatoka nyuma ya meza, akakaa karibu nasi, magoti yake karibu na yangu. Alisema ni saratani ya tezi za limfu. Alisema ni ile ambayo dawa zake zipo na watu wengi huitikia. Mwalimu aliuliza maswali, akajibiwa, mimi sikusikia hata moja. Nilikuwa nafikiria ile marathoni. Ilikuwa imebaki majuma machache. Nikamkatiza mume wangu nikauliza, "Daktari, tunaweza kuanza nikisharudi kutoka ziwani? Kuna mbio nimejiandikisha."

Hakunicheka. "Mbio gani, Mama?"

Nikamweleza kwamba kamili nilikuwa bado, ila nusu nilishaikimbia mwezi wa nane, kule Manga.

Alichukua ile picha ya kifua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya moyo, weupe mpana kama ngumi mbili zilizounganishwa ulikuwa umeingia kwenye giza la mapafu. "Hiki kimebana njia ya hewa," alisema. "Na mwezi wa nane kilikuwepo. Mimi sielewi ulipandaje ule mlima." Akaishusha picha. "Usiupande tena. Wala usikimbie hata kuwahi gari."

Dripu ya kwanza nilitiwa Alhamisi, na Jumapili yake Akinyi akakimbia marathoni bila mimi. Alikuwa amekataa kwenda. Alikuja nyumbani akasema haina maana, atangoja nipone. Nilimwambia akiningoja mimi atazeeka, aende. Siku hiyo nilikuwa nimelala nimeketi, mdomo una ladha ya misumari, simu ikalia. Nilisikia kelele za watu na muziki, kisha pumzi yake, haongei, analia tu. "Umemaliza?" nikauliza. "Nimemaliza," akasema. "Kwamboka, nimemaliza, na sijui kwa nini nalia." Nilijua kwa nini. Tulikaa hivyo kwenye simu, yeye analia kule, mimi nimekumbatia beseni huku, hadi salio lake likaisha.

Nilikwenda kutiwa dripu kila baada ya majuma mawili, kuanzia kabla ya Krismasi hadi chai ilipoanza kuchumwa kwa wingi baada ya mvua kubwa. Sitakueleza dawa hizo zinafanyaje kazi, sijui. Nitakueleza zilivyo. Kuna moja nyekundu kama jusi ya watoto. Ukiikojoa inatoka vilevile, usishtuke kama nilivyoshtuka. Kuna nyingine hufunikwa mfuko isione mwanga, na hiyo huchoma mshipa kutoka kiganjani hadi begani; omba kitambaa cha maji ya moto, watakupa, usione haya. Mishipa yangu iligeuka migumu kama nyuzi zilizotiwa nta. Nywele zilianguka zote kwa pamoja, nikiwa nimeinama juu ya unga. Kila nilipojikwaruza, palibaki mstari mweusi usiofutika, mgongo wangu ukawa kama mtu aliyechapwa. Harufu ya vitunguu vikikaangwa iliweza kunitoa nyumbani hadi kwenye migomba. Kitu pekee nilichoweza kukimeza bila kutapika ni ukwaju. Huku kwetu milimani hauoti. Akinyi aliagiza kwao, ukaletwa kwa mfuko, akauloweka mwenyewe, akaja nao hospitalini kwenye chupa kila Alhamisi ya dripu kabla ya kwenda dukani. Hakukaa. Aliiweka chupa karibu na mkono usio na sindano, akanigusa goti, akaondoka.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa, na baada ya muda kila mtu alikuwa na chake. Karibu yangu alikaa Mzee Onsongo, mkulima wa ndizi wa Birongo, aliyekuja na chupa ya chai na kikombe kimoja, akanimiminia mimi kwanza kila mara. Alikuwa akinisimulia habari za ndizi zake kana kwamba ni watoto, ipi mtukutu, ipi imechelewa kuzaa. Siku moja aliniuliza mimi ni mtu wa nini. Nikamwambia nilikuwa mkimbiaji.

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Popote, Mzee. Unakimbia halafu unarudi nyumbani."

Alifikiri. "Basi si kazi mbaya," alisema, "kama unarudi."

Mwezi wa pili, watu wakianza kupanda mahindi, sista alitoka akaita jina lake. Hakuna aliyesimama. Akaita tena, akitazama kiti kilicho kando yangu kana kwamba mimi nilikuwa nimemficha. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu, jirani yake wa Birongo, alisema kwa sauti ndogo, "Tulimzika juzi." Sista alisimama pale na faili mkononi. Kisha akaita jina langu.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Mwalimu alianza kuchelewa kutoka shuleni. Nilijua hakuna kazi huko saa hizo. Alikuwa anakaa darasani peke yake kwa sababu hakujua akirudi aseme nini. Moraa alipika, akafua, akasoma akisinzia. Na Mama hakuingia nyumbani mwangu. Asubuhi nilikuta shuka zangu zilizolowa hazipo pale nilipozirundika nje, na mchana zilikuwa kwenye kamba, nyeupe, zimekunjuliwa vizuri. Nami sikumshukuru, kwa sababu kila nilipomwona akipita kati ya migomba nilisikia tena, "Mara moja inatosha."

Jumamosi moja baada ya ibada alikuja, na wanawake sita wa kanisa. Walijaa sebuleni, wakaimba. Nilikuwa nimeketi kwenye mito yangu, kichwa kimefungwa leso, midomo imepasuka. Mama ndiye aliyeomba. Alianza vizuri. Kisha akasema, macho yamefumbwa, "Bwana, unawajua wanaoikanyaga siku yako takatifu. Fimbo yako imewafikia. Sasa legeza mkono wako." Wanawake wakaitikia amina. Jambo baya ni kwamba sehemu yangu moja iliamini. Nilikuwa nimewahi kujiuliza hivyohivyo nikiwa peke yangu.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, inatosha," alisema.

Wimbo uliokuwa unaanza ukakatika.

"Hii ni maombi, Nyambane."

"Hiyo si maombi. Huyu ni mke wangu, na ni mgonjwa. Hajaiba kitu cha mtu." Sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu mamake. Wanawake walitoka mmoja mmoja, wakinipa mkono. Mama alitoka wa mwisho, na hakunipa. Lakini tangu siku hiyo mume wangu aliacha kuchelewa.

Niseme na la homa, kwa sababu linaweza kukukuta. Daktari alinionya: ukipata homa usingoje hata saa moja, njoo. Wakati wa mvua kubwa, mchana, nilianza kutetemeka nikiwa natoa maharagwe kwenye maganda. Nikajiambia ni baridi. Nilipofika kitandani meno yalikuwa yanagongana hadi Moraa akayasikia kutoka jikoni. Hakuniuliza. Alikimbia kwenye matope hadi barabarani, akarudi na bodaboda, akapanda nyuma yangu akinishikilia kwa mikono miwili nisianguke. Nakumbuka mvua usoni na sauti yake sikioni, "Mama usilale, Mama usilale," njia nzima hadi mjini. Nililazwa siku nyingi. Kitanda cha kushoto kilibadilisha watu wawili, na hakuna kati yao aliyerudi nyumbani kwake. Nilikuwa nikigeuza uso ukutani asubuhi kabla sijajua kama kitanda kile kina mtu.

Nilitoka. Sijui kwa nini mimi nilitoka. Usimwamini mtu atakayekwambia anajua.

Dripu ziliisha. Skani ikafanywa, na yule daktari msichana akatuita, akasogeza kiti vilevile. Safari hii nilisikia kila neno. Weupe ule ulikuwa umekwisha, pamebaki kovu. Alisema nitarudi kila miezi mitatu, na kwamba neno la kupona tutalitumia miaka ikipita, si leo. Mwalimu alitoka nje ya chumba, na nilipomfuata nilimkuta ameinamia ukuta wa korido, mgongo unatikisika, watu wakimpisha.

Nimeandika haya yote kabla hujauliza juu ya mbio. Marathoni kamili sijaikimbia. Mapafu yangu yaliguswa na moja ya zile dawa. Mwezi wa saba, wakati wa baridi, Akinyi alinitoa tukatembea hadi kisimani, tukakimbia kidogo kurudi. Nilikohoa hadi nikashika mti. Alingoja. "Kesho tena?" akauliza. "Kesho tena," nikasema. Ndivyo tunavyofanya hadi sasa. Siku nyingine tunafika mbali zaidi, siku nyingine hatufiki. Kila nikiamka napapasa shuka kwanza kama ni kavu.

Kuna jambo moja bado. Moraa ndiye aliyeliona. "Magokoro anakunywa uji tu," aliniambia tukiosha vyombo. "Ugali anaupeleka kwa mbwa, anadhani hatumwoni."

Nilikwenda kwake. Sikuwa nimekanyaga jikoni mwake tangu ile siku ya maombi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli la uji mapajani, na baada ya kila funda alikuwa akifumba macho na kungoja, kama mtu anayesikiliza mlango ukifunguliwa mbali. Mabega yake yalikuwa yametokeza kwenye gauni.

"Mama, chakula kinakwama?"

Aliupuliza uji, nao ulikuwa umeshapoa.

"Tangu lini?"

"Tangu kupanda mahindi."

Nilihesabu kimoyomoyo nikajikuta nimekaa chini. Kupanda mahindi mimi nilikuwa katikati ya dripu. "Na hukusema? Miezi yote hiyo?"

"Ningesemaje?" aliniuliza. "Wewe ulikuwa unaumwa. Nyambane alikuwa amekwisha. Hii boma isingebeba wawili." Aliweka bakuli chini polepole. Kisha akauliza, akitazama moto, "Kwamboka, mimi nilikosa wapi? Sabato sijawahi kuivunja hata moja."

Yapo maneno niliyokuwa nimemwekea kwa muda mrefu. Yalinijia yote pamoja, nikayaona jinsi yalivyo makali. Nikamwambia, "Hukukosa popote, Mama. Kesho tunaenda."

Majibu yake hayajatoka. Naandika tukiyangoja, na simu ikilia nyumba inanyamaza kama zamani. Lakini siku ile ya kupimwa tulikaa kwenye vile viti vya plastiki, nikamweka upande usio na upepo, nikamweleza kila kitu kabla hakijafanyika, kama nilivyoelezwa na sista: kwamba watampulizia dawa chungu kooni, kwamba mrija watakaompitisha humo ni mwembamba, kwamba apumulie puani, kwamba asione haya kumshika sista mkono. Alinisikiliza kama mtoto wa shule. Sista alipotoka na kusema wenye meno ya kubandika wayaache nje, Mama aligeuza uso ukutani kwa muda. Kisha akanigeukia, akaweka kiganjani mwangu kitambaa kidogo kilichokunjwa, na ndani yake meno yake ya mbele, kitu ambacho hata Nyambane hajui kwamba anacho.

Wakaita jina lake. Akasimama, amefunika mdomo kwa mkono, akaingia peke yake. Nilifunga kiganja. Yalikuwa bado na joto.